Waya Mpya Hauhitaji Mazoezi

Ukinunua waya wa spika wa bei kubwa kwenye maduka ya Asiatique, hapa Bujumbura, usishangae ukiongezewa na ushauri wa bure. Mteja karudi siku ya tatu, kanuna: sauti ni ile ile aliyokuwa nayo kabla hajatoa pesa yake. Muuzaji hainui hata macho kutoka kwenye daftari. "Uache uzoee kwanza, kijana wangu. Waya mpya ni mgumu. Upigie muziki wiki mbili tatu, halafu utaniambia." Kijana anajibu, "Haya, Hadji," anarudi zake Buyenzi au Nyakabiga kuungoja waya uzoee.

Imani hii haikuzaliwa Asiatique. Marekani, Ulaya na Japani wapo wapenzi wa muziki wanaoapa kwamba waya mpya husikika mkavu na wa kubana, kisha hulainika ukishapitishiwa muziki kwa saa 100, 200, hata 400. Baadhi ya watengenezaji huyaandika hayo kwenye vijitabu vinavyofuatana na bidhaa, na kampuni ya Nordost ya Marekani imeunda mpaka mashine ya kazi hiyo: unachomeka waya, unaupitishia mawimbi ya umeme kwa siku kadhaa, unautoa ukiwa eti umeiva. Kwetu imani hiyo imefuata njia ya bidhaa zenyewe: Guangzhou au Dubai, bandari ya Dar es Salaam, halafu lori mpaka huku, au reli hadi Kigoma na meli juu ya Ziwa Tanganyika.

Mimi nasema waya hauzoei kitu. Anayezoea ni mwenye waya, na anayefaidika na kungoja huko ni aliyeuza. Ningeyaacha yapite kama mambo ya starehe za watu, kila mtu na pesa yake. Lakini wanunuzi wa nyaya hapa kwetu kwa sehemu kubwa si matajiri wenye vyumba vya kusikilizia muziki. Ni kwaya za kanisa zilizochangishana, ni misikiti ya Buyenzi inayorekebisha vipaza sauti kabla ya Ramadhani, ni vijana wanaokodisha spika kwenye arusi, ni wenye baa ndogo. Pesa hiyo imetoka mifukoni mwa wengi na ina kazi nyingine za kufanya.

Neno la muuzaji wa Asiatique lina uzito wake, na uzito huo una historia. Wakoloni wa Kibelgiji walipoupanga mji huu, wakati huo ukiitwa Usumbura, kwa rangi za watu, Wazungu walijitengea sehemu yao, Waafrika wakapelekwa Buyenzi na Belge, ambayo leo ni Bwiza, na wafanyabiashara Wahindi na Waarabu wakapewa kartiye hii iliyobaki na jina lao. Tangu hapo watu wamenunua hapa kwa kuaminiana: unamjua Hadji, baba yako alimjua baba yake, akikwambia kitambaa hiki hakichuji unaamini. Uaminifu wa namna hiyo ni mali. Ndiyo maana inauma ukitumika kubeba maneno ambayo muuzaji mwenyewe hajawahi kuyapima.

Basi tuyapime. Waya wa spika ni nyuzi nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja na kuvishwa ganda la plastiki. Kwa upande wa umeme, mambo yake makuu ni matatu: ukinzani, yaani kiasi unavyouzuia umeme kupita, pamoja na kapasitansi na induktansi, ambazo kwa urefu wa sebule ni ndogo kiasi cha kutosumbua. Yote matatu yanapimika kwa vifaa vyenye uwezo wa kuona tofauti ndogo mara nyingi kuliko ile ambayo sikio lolote linaweza kuidai. Chukua waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, mita 10 kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye spika. Umeme ukienda na kurudi unakutana na ukinzani wa omu 0.14 hivi. Kwa spika ya omu 8, sauti inayopotea ni kama desibeli 0.15. Mtu anayesikiliza muziki hawezi kuitambua hasara hiyo.

Ili kuzoea kuwe na maana, lazima mojawapo ya mambo hayo libadilike. Watetezi wanajibu kwamba chembe za shaba hujipanga upya muziki unapopita. Shaba hujipanga upya kweli, ila kiwandani, pale inapopitishwa kwenye joto la mamia ya nyuzi baada ya kuvutwa ikawa uzi. Sebuleni mambo ni mengine. Wati 1 kwenye spika ya kawaida inatosha kuijaza sauti sebule, na wati hiyo hupitisha kwenye waya ampea 0.35 tu. Birika la umeme la wati 2,200 huvuta ampea 10 kupitia nyaya za ukutani zenye unene kama huo huo, kila mtu anapochemsha maji ya chai. Kama umeme ungekuwa na uwezo wa kuifundisha shaba, nyaya za jikoni kwetu zingekuwa zimehitimu zamani.

Wengine huacha shaba wakashika ganda: plastiki, wanasema, hunyonya chaji na huhitaji muda kutulia. Lakini muziki ni umeme unaogeuka mbele na nyuma kati ya mara 20 na mara 20,000 kwa sekunde moja. Kilichosukumwa huku hurudishwa kule kabla hujapepesa macho. Na kama ganda lingehitaji saa 200 za mfululizo kutulia, basi kwa jinsi umeme unavyokatika Bujumbura, hakuna waya hata mmoja mjini humu ambao ungewahi kumaliza mafunzo yake.

Kipo kitu kinachoubadilisha waya kweli, nacho ni joto. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Toka alfajiri mpaka saa nane mchana, hapa kando ya ziwa, joto likipanda nyuzi 10, ukinzani wa waya wako umepanda asilimia 4. Hilo linapimika, linatokea kila siku ya Mungu, na sijasikia mtu akilalamika kwamba waya wake una sauti nzuri alfajiri na mbaya mchana. Badiliko lenye kipimo hakuna anayelisikia. Lisilo na kipimo ndilo linalotungiwa sifa.

Nina swali jingine ambalo huwa silipatii jibu. Kwa nini waya ukizoea huwa mzuri siku zote? Vitu vinavyobadilika kwa matumizi huenda pande zote mbili: kiatu hulainika, lakini pia huchanika. Kama muziki ungekuwa unaubadilisha waya, tungetarajia baadhi ya nyaya ziharibike, zile zilizopendeza siku ya kwanza zikaanza kukwaruza baada ya saa 200. Hadithi hiyo haisimuliwi popote. Zote huishia kwenye uzuri, kama hadithi zinazosimuliwa na mwenye bidhaa ya kuuza.

Hata hivyo sitaki kuwadhihaki wanaoamini, kwa sababu uongo huu umepanga chumba jirani na ukweli. Spika mpya hubadilika. Ukiifungua utaona koni imeshikiliwa mahali pawili: kwa nje na ukingo wa mpira au sponji, kwa ndani na kitambaa kigumu chenye mikunjo. Vikitoka kiwandani vyote viwili ni vikavu. Koni ikishapigwa na besi, mikunjo ile hulegea, na masafa ambayo spika hutikisika yenyewe hushuka kidogo. Mafundi huyapima mabadiliko hayo, na sehemu kubwa yake hutokea mapema, katika saa za mwanzo za matumizi. Kwa Warundi jambo hili si geni. Ngoma zetu, ambazo utamaduni wake UNESCO iliuingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi wa binadamu usioshikika, huwambwa ngozi ya ng'ombe juu ya gogo, na kila mpigaji anajua kwamba ngozi husikia jua, husikia mvua, husikia na mikono. Ngozi, mpira na kitambaa ni vitu vinavyonyumbuka. Vinatoa sauti kwa kutikisika. Waya umelala nyuma ya kabati. Muuzaji anayeuza sabufa na waya kwenye kaunta moja ameuchukua ukweli wa sabufa akauvisha waya, na pengine hata yeye hajui alipouvusha mpaka.

Halafu kuna sikio. Wanaosema wamesikia tofauti baada ya wiki tatu hawasemi uongo, wamesikia. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba kitu kikirudiwa mbele ya mtu mara nyingi, mtu huyo huanza kukipenda, bila kitu chenyewe kubadilika. Kumbukumbu ya sauti nayo ni fupi: undani wa sauti hufutika kichwani baada ya sekunde chache, hivyo anayelinganisha sauti ya leo na ya wiki tatu zilizopita analinganisha sauti na simulizi aliyojitungia. Ongeza na haya: sauti ikipanda kiasi kidogo tu, sikio huiita nzuri zaidi wala haliiti kubwa zaidi. Ukisogeza kiti hatua moja, besi ya chumba inabadilika kuliko waya wowote unavyoweza kuibadilisha. Weka wimbo wa Khadja Nin kutoka albamu yake Sambolera ya mwaka 1996, usikilize umeketi, kisha usimame uegemee ukuta. Utasikia besi mbili tofauti kwenye waya mmoja.

Ndiyo maana waliotaka kujua ukweli wameanza kwa kufunika macho. Mwaka 1983 gazeti la Stereo Review la Marekani lilichapisha jaribio la Larry Greenhill la nyaya za spika. Waya mwembamba sana ulitambulika, kwa sababu ukinzani wake ulikuwa mkubwa kiasi cha kuishusha sauti. Waya wa kawaida wenye unene wa kutosha uliwashinda wasikilizaji kuutofautisha na ule wa gharama walipokuwa wanasikiliza muziki. Mwaka 2007 James Randi, mchawi wa mazingaombwe aliyegeuka mfichua hila, alisema dola milioni 1 za taasisi yake zitamwendea atakayezitambua, bila kuona, nyaya za spika za kampuni ya Pear zilizouzwa dola 7,250. Dola zile hazikupata wa kuzichukua.

Majaribio hayo yalilinganisha waya na waya. Jaribio la kuzoea lenyewe ni rahisi zaidi, na linaweza kufanyika Bwiza bila maabara. Kata vipande viwili vya urefu mmoja kutoka roli moja. Kimoja kifunge kwenye redio ukipigie muziki miezi miwili. Kingine kiache kabatini. Siku ikifika, mwite rafiki asimame nyuma ya pazia, arushe sarafu, achomeke kipande kilichoangukiwa, wewe useme ni kipi. Fanyeni mara 10, sauti ikiwa kwenye alama ile ile. Anayebahatisha tu ana nafasi ya asilimia 1 hivi ya kupata 9 au zaidi. Ukipata 9, nitakuja na kofia mkononi. Mpaka leo sijui mtetezi aliyefika huko. Wengi husema kusikiliza kwa mtihani kunaharibu raha, nami nakubali kwamba mtihani hauna raha.

Sasa upo ukweli mmoja kuhusu waya na muda ambao hausemwi dukani: muda huuharibu. Unyevu wa ziwa huingia penye ncha zilizochunwa, shaba ikapoteza wekundu, ikawa kahawia, kisha ikaota ukungu wa kijani. Pini nyekundu na nyeupe za nyuma ya amplifaya hushika kutu ya juu juu. Mtu akinunua waya mpya, anachomoa ule wa zamani, anachomeka huu, na kule kusugua kunasafisha pini. Sauti inarudi. Sifa unapewa waya mpya, wakati angepata matokeo hayo hayo kwa kuchomoa na kuchomeka mara tano kila baada ya miezi michache, au kwa kukata sentimita 2 za ncha iliyooza na kuichuna upya.

Wakati tunabishana kuhusu kuzoea, jambo la maana zaidi linapita mbele ya macho yetu. Sehemu ya waya unaouzwa sokoni kama shaba ni alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini safi ina ukinzani wa karibu mara 1.6 ya shaba, ni nyepesi, hukatika ukiikunja mara chache, na ncha yake hushika upesi tabaka lisilopitisha umeme. Skrubu ya nyuma ya spika uliyoikaza leo, baada ya miezi imelegea kwa sababu alumini hubonyea chini ya mkazo. Hapo ndipo spika inapoanza kukwaruza, na mwenye kwaya anaambiwa avumilie, waya unazoea. Waya huo hautazoea. Kila wiki unazidi kuharibika.

Kuutambua hakuhitaji elimu kubwa. Omba muuzaji akuchunie ncha. Chukua uzi mmoja, ukwangue kwa wembe: shaba ni nyekundu mpaka ndani, alumini itang'aa nyeupe kama sufuria. Ukunje huku na huku. Shaba itastahimili, ya kughushi itakatika mapema. Pima uzito wa roli mkononi, maana roli ya alumini iliyopakwa ni nyepesi sana kuliko ya shaba ya unene huo huo. Na kama unanunua roli nzima ya mita 100 ya nyaya mbili za milimita mraba 1.5, njoo na testa. Unganisha ncha mbili za mwisho, pima za mwanzo. Shaba safi itakupa omu 2.3 hivi. Ikisoma 3.5, unajua umeshikilia nini, hata kama ganda limeandikwa kwa herufi za dhahabu. Dakika hizo tano zina faida kuliko miezi mitatu ya kungoja.

Tuihesabu na hiyo miezi mitatu. Saa 200 za kuzoesha, kwa mtu anayesikiliza muziki saa 2 kwa siku, ni siku 100. Ulaya na Marekani maduka mengi humpa mteja wiki chache tu za kurudisha bidhaa. Ukisubiri waya uive, mlango umeshafungwa. Hapa kwetu mlango hufungwa mapema zaidi, kwa kile kibandiko cha ukutani ambacho kila mteja wa maduka ya mjini anakijua: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Weka neno hilo pamoja na lile la waya kuzoea uone yanavyosaidiana. La kwanza linakunyima haki ya kurudisha. La pili linakufanya usiitamani haki hiyo, kwa kuwa kosa limehamishwa kutoka kwenye bidhaa likawekwa kwenye subira yako. Usiposikia tofauti, hujangoja vya kutosha. Ukiendelea kutosikia, masikio yako hayajakomaa. Waya haukosei hata siku moja.

Najua nitakachojibiwa: mtu akifurahi, wewe kinakuuma nini? Hakiniumi, kama pesa ni yake na furaha ni yake. Mwenye nafasi anunue waya wa bei anayoitaka, aupambe, auzoeshe mwaka mzima. Lakini fedha za kigeni ni adimu nchini, kila kinachoagizwa nje hupanda bei kabla hakijashushwa bandarini, na kikundi cha vijana kilichojinyima ili kinunue vyombo kina haki ya kuambiwa pesa yake inasaidia wapi. Inasaidia kwenye spika yenyewe, kwanza kabisa. Inasaidia kwenye kidhibiti umeme, maana volti zinapopanda na kushuka huua amplifaya. Inasaidia kwa fundi anayejua kuchomea pini vizuri, na kwenye zulia au mapazia mazito yanayomeza mwangwi wa ukumbi wa saruji. Waya unakuja mwisho: shaba ya kweli, nene ya kutosha kwa urefu wake, imekazwa vizuri kwenye skrubu, basi. Dakika ile unapoufunga, umeshafika ubora wake wote.

Kwa wauzaji wa Asiatique ninaowaheshimu, na ni wengi, nina pendekezo moja linaloweza kumaliza ubishi huu bila fizikia. Anayeamini kwamba waya wake unazoea, aandike kwenye risiti kwa mkono wake: "Siku 100. Usiposikia tofauti, rudisha waya uchukue pesa yako." Atakayeandika hivyo nitamletea mteja wa kwanza mwenyewe. Asiyethubutu kuandika, mteja amwambie kwa adabu, "Hadji, nipe wa shaba wa kawaida," na abaki na chenji yake.